Kiyoyozi Kisichopoza (3): Umeme Kabla ya Gesi

Makala iliyopita iliishia kwenye vichujio vilivyoziba. Leo ni zamu ya umeme, na lazima nianze na hukumu inayotolewa kila msimu wa joto kuanzia Tanga hadi Mtwara: "Gesi imeisha." Gesi ya kiyoyozi hailiwi kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua maana yake pana tundu. Fundi anayejaza bila kutafuta tundu atarudi, nawe utalipa tena.

Sogea kwenye mashine ya nje, usikilize. Feni inazunguka, kompresa inavuma sekunde chache, inakata, halafu baada ya dakika kadhaa inajaribu tena. Mshukiwa wa kwanza hapo ni kapasita, kile kikopo kinachoisaidia kompresa ya umeme wa fezi moja kuanza kuzunguka. Thamani yake imeandikwa ubavuni. Ikiwa ni mikrofaradi 35 yenye ruhusa ya asilimia 5, na multimita inasoma 27, hiyo haifai tena. Iliyovimba kichwani haihitaji hata kupimwa. Lakini zima swichi kuu, si rimoti, kwa kuwa rimoti huacha umeme kwenye nyaya; na kapasita yenyewe hubaki na chaji hata umeme ukishakatwa, kwa hiyo fundi aitoe chaji hiyo kwanza. Asiyejua namna ya kufanya hivyo asifungue kifuniko.

Kapasita ikiwa nzima, pima volti kwenye vituo vya mashine yenyewe, tena wakati kompresa inapojaribu kuwaka. Hapo ndipo wengi hukosea: wanapima mashine ikiwa imetulia, wanaona 225, wanaridhika. Kompresa inapoanza huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida, na waya mwembamba au skrubu iliyolegea itaziangusha volti hizo hadi 180. Huku pwani chumvi ya hewani hula viungo vya waya, na kiungo kibovu hupata moto mpaka plastiki inageuka nyeusi. Kaza, safisha, badilisha. Mjusi aliyekauka juu ya bodi mtoe pia; ameshaunguza bodi nyingi.

Kompresa nayo huhukumiwa kifo mapema mno. Ina vituo vitatu, C, R na S. Ikiwa nzima, ukinzani wa C hadi R ukijumlishwa na wa C hadi S hulingana na wa R hadi S. Mita ikionyesha njia imekatika kutoka C kwenda kote kuwili, ilhali R na S zinasomana, usikimbilie kununua nyingine. Huenda kinga ya joto iliyomo ndani imefunguka tu. Iache ipoe, pengine kwa saa kadhaa, kisha upime upya.

Thamostati ya viyoyozi vingi vya siku hizi ni sensa ndogo iliyo nyuma ya kichujio, mbele ya mapezi ya mashine ya ndani. Ukinzani wake hushuka joto linapopanda. Nyingi husoma kiloomu 10 kwenye nyuzi 25, nyingine 5. Ichomoe kwenye bodi, ipime, kisha uifumbate kiganjani: namba zishuke polepole, zisirukeruke. Kuna kosa jingine lisilohitaji kipuri chochote. Sensa ikichomoka kwenye kishikizo chake na kugusa mapezi, hupima baridi ya mapezi badala ya hewa ya chumba. Kompresa hukatwa mapema, chumba kinabaki na joto, na mtu anaambiwa gesi imeisha.

Yote hayo yakiwa sawa, fundi na afunge geji zake. Zikionyesha gesi ni pungufu, mwambie akuonyeshe inapovujia kabla hajafungua mtungi.