Ngozi ya Ngoma na Ngozi ya Fremu

Ukipiga hodi katika nyumba za Moba, chini bandarini au juu Kirungu, ukakaribishwa kiti, macho yako hayakosi kukutana na picha ukutani. Hapa Bikira Maria, pale maarusi na wasimamizi wao, pengine Padri Stefano Kaoze, yule wa kwanza kupewa upadri katika Kongo ya Wabelgiji, mwaka 1917. Picha hizo zimo ndani ya fremu, au kadre kama wengi wetu tusemavyo. Fremu nyingi ni za plastiki ya sokoni, nazo hazikawii kupasuka pembeni. Nyingine ni za mbao tupu. Leo nataka kusimulia habari za fremu ya namna ya tatu, ile ya mbao iliyovikwa ngozi. Kazi hiyo nilijifunza kwa kuikosea kwanza, na kosa langu nusura lipoteze kitu ambacho fedha zisingeweza kukirudisha.

Mjane mmoja wa mtaa wetu, ambaye mimi humwita Mama naye huniita Mwalimu, ana picha moja tu ya marehemu mumewe. Vita vilivyoanza mwaka 1998 vilipofika pande zetu, watu wengi wa Moba walikimbilia Zambia. Mama huyo alikaa miaka mingi katika kambi ya Mwange, na picha ikakaa muda wote huo katikati ya kitabu chake cha nyimbo. Mwaka 2007 wakimbizi walianza kurudishwa kwa meli kutoka Mpulungu hadi Moba. Naye zamu yake ilipofika akarudi na watoto, sufuria mbili na kitabu hicho. Picha ilikuwa imekunjika pembe moja tu.

Siku moja akaniletea. “Mwalimu,” akasema, “wewe wawafundisha watoto kazi za mikono. Nifanyie kadre ya ngozi, ile isiyopasuka. Mzee alikuwa mchunga ng’ombe kule Marungu, ngozi yamfaa.”

Nikakubali papo hapo, wala sikujiuliza kama naijua kazi yenyewe. (Sisi walimu tuna ugonjwa huo: mtu akituomba jambo, twaona haya kusema hatulijui.)

Mbao sikuzikosea. Nilichukua mulombwa, mti ambao ndugu zetu wa Tanzania huuita mninga. Ukiukata ungali mbichi hutoa utomvu mwekundu kama damu, lakini ukisha kauka vema haupindiki ovyo, wala haunywei sana. Vipande vinne nilivikata mshazari, kila ncha nusu ya pembe mraba, yaani digrii 45, hata vikakutana pembeni bila nafasi. Kwa ndani nikachonga kidaraja cha kukalia kioo. Nikapaka gundi, nikafunga kwa kamba, nikaacha usiku kucha. Mpaka hapo mtu asingeweza kunilaumu.

Kosa lilikuwa ngozi. Nilinunua ngozi ya mbuzi kwa mchinjaji, nikaikwangua manyoya, nikailoweka hata ikalainika, nikaivuta juu ya mbao kwa nguvu zangu zote, na nyuma nikaipigilia misumari midogo ya chuma. Ilipendeza kweli! Nikatia kioo na picha siku ile ile, ngozi ingali na maji, nikampelekea Mama.

Siku ya tatu mjukuu wake akaja mbio shuleni. Usiku walikuwa wamesikia mlio kama kijiti kinavunjika. Nilipofika nikakuta pembe mbili za fremu zimefunuka, kioo kimepata ufa, madoa meusi yamezunguka kila msumari, na mvuke uliotoka katika ngozi umeilowesha picha hata mkono wa shati la marehemu umegandamana na kioo. Mama hakusema neno. Ningalipenda anikaripie.

Niliichukua fremu nikaenda nayo kwa fundi viatu mmoja, mzee akaaye karibu na bandari. Akaigeuza mara moja tu, akacheka. “Mwalimu, hukutengeneza kadre. Umewamba ngoma.”

Nayo ndiyo kweli yenyewe. Ngozi mbichi ikilowa hunyooka, na ikikauka hujivuta. Ndiyo maana ngoma hulia. Mzinga wa ngoma wastahimili mvuto huo kwa kuwa ni gogo moja la mviringo. Fremu ni vipande vinne vilivyoshikana pembeni kwa gundi, na mvuto wote waishia hapo hapo penye udhaifu. Tena ngozi mbichi, hata ikikauka kabisa, ikipata unyevu wa masika hulegea na kunuka, na wadudu huila. Haijawa bado kile ambacho fundi hukiita ngozi. Ni kiungo cha mnyama tu.

Ili iwe ngozi ya kazi yapasa idabaghwe. Mzee yule hutumia magome ya miti ya miombo yetu. Kwanza hulaza ngozi katika maji ya majivu hata manyoya yalegee. Huyakwangua, kisha huisafisha sana. Halafu huitia katika maji ya magome yaliyopondwa: mepesi kwanza, baadaye makali, na kwa ngozi ya mbuzi kazi hiyo ni ya majuma kadhaa. Nikamwuliza kwa nini asianze na maji makali apate kumaliza upesi. Akajibu kwamba ukifanya haraka, nje hufunga na ndani hubaki mbichi. Hukata ukingo kidogo atazame: akiona katikati mstari mweupe, ngozi hurudi majini.

Katika magome hayo mna kitu kiitwacho tanini, kile kile kinachokaza ulimi ukinywa chai kali au ukiuma ndizi isiyoiva. Tanini hushikamana na nyuzi za ngozi, na toka hapo vijidudu vya kuozesha haviwezi kuila, wala maji hayairudishi katika ubichi. Lakini ina jambo moja la kuangaliwa: ikikutana na chuma penye unyevu, hutoa weusi kama wino. Wino wenyewe wa zamani ulitengenezwa hivyo, kwa tanini na chumvi ya chuma. Kwa hiyo fundi wetu hagusi ngozi yenye maji kwa chuma ila kwa kisu kikavu cha kukatia. Husugulia mfupa, na pakihitajiwa msumari hutafuta wa shaba.

Ufundi huu si mgeni Afrika. Ngozi za mbuzi wekundu wa Sokoto, kaskazini ya Nigeria, zilivuka jangwa la Sahara kwa misafara ya ngamia, na huko Ulaya wajalidi wa vitabu wakaziita ngozi za Moroko, kwa kuwa hapo ndipo walipozinunua. Na katika pwani ya Waswahili, mji wa Siyu, kisiwani Pate, ulijulikana kwa viatu na mikanda ya ngozi, na kwa misahafu iliyoandikwa kwa mkono. Kuvika fremu ni ndugu wa kujalidi kitabu: kisu ni kile kile, na gundi ni ile ile.

Basi mzee akanifundisha. Ngozi yapaswa kuwa nyembamba, isizidi milimita moja, na kingo zake zinyolewe upande wa nyama, juu ya jiwe laini, hata ziwe kama karatasi. Hilo ndilo jambo linalowashinda wengi. Ukingo usionyolewa hufanya uvimbe pembeni, na fremu yote huonekana kama kiatu kilichotiwa kiraka. Kisu kiwe kikali kiasi cha kunyoa ndevu. Kisu butu huvuta ngozi na kuipasua. Mimi niliharibu vipande vitatu kabla ya kimoja kukubali.

Gundi ni uji mzito wa unga wa muhogo, uliopikwa hata ukang’aa, ukapoa. Matone machache ya mafuta ya karafuu huuzuia usiote ukungu. Upakwe upande wa nyama, ngozi iachwe kidogo inywe, ipakwe tena. Kisha huwekwa juu ya mbao bila kuvutwa. Hapo ndipo mikono yangu ilipokataa kutii, maana ilikwisha kuzoea kuvuta! Hulazwa tu, husuguliwa kwa mfupa kutoka katikati kwenda kando, hukunjwa ndani ya kidaraja na nyuma. Penye pembe, kingo mbili zilizonyolewa hupandana, kisha hukatwa zote mbili kwa pamoja kwa mkato mmoja wa mshazari, na mabaki huondolewa. Ngozi ya mbuzi mmoja yatosha fremu mbili za kawaida.

Fremu ikaushwe kivulini, si juani, siku mbili au tatu. Ndipo kioo kiingie. Na kati ya kioo na picha uwekwe ukingo wa karatasi ngumu, picha isiguse kioo kamwe. Kama ningalijua neno hilo moja!

Maana picha ya Mama ilikuwa ingali imegandamana. Mzee alinikataza kuibandua kwa ukucha. Picha za zamani, zile zilizosafishwa kwa dawa na maji katika chumba cha giza, mara nyingine huweza kuachia zikilowekwa. Hizi za siku hizi zinazopigwa kwa mashine ya wino zingeharibika mara moja. Hii ilikuwa ya zamani. Nikailaza pamoja na kioo katika beseni la maji safi ya baridi, nikakaa kando yake tangu adhuhuri hata jua likatua, kwa hofu kubwa. Iliachia polepole. Kipande kidogo cha mkono wa shati, sawa na ukucha wa kidole, kilibaki katika kioo.

Nilimpelekea Mama fremu ya pili baada ya mwezi na nusu, nikamwonyesha na kipande kile kilichopotea, nisije nikamficha. Akaitazama kwa muda mrefu.

“Uso upo,” akasema.

Tukaitundika mbali na dirisha, jua lisiikaushe ngozi, na nyuma yake tukatia vijiti viwili vya mbao ili isishikamane na ukuta wa matofali, ambao wakati wa mvua hunywa maji. Kila masika yakikaribia napita kwake na nta kidogo ya nyuki na kitambaa. Naipaka, naisugua, naye hunipikia chai wakati huo. Mahali palipopungua hapaonekani, maana ukingo wa karatasi wapafunika. Lakini yeye na mimi twajua ni wapi.