Mvinyo mwekundu hauongezi damu

Ukiwa mjamzito na kipimo kikaonyesha damu imepungua, hutakosa jirani wa kukushauri unywe glasi ya mvinyo mwekundu kila jioni. Wapo pia wazazi wanaompa mtoto kijiko kimoja baada ya malaria, ili "damu irudi". Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini una madhara. Ili uelewe sababu, tuanze na jinsi mvinyo huo unavyotengenezwa.

Hapa Tanzania zabibu za mvinyo hulimwa zaidi Dodoma, ambako huvunwa mara mbili kwa mwaka. Ukipasua zabibu nyeusi utaona nyama ya ndani haina wekundu. Rangi iko kwenye ganda. Ndiyo maana zabibu hupondwa, kisha juisi huachwa ikae pamoja na maganda na kokwa kwa siku kadhaa, wakati mwingine wiki mbili au zaidi. Katika muda huo hamira hula sukari ya zabibu na kuigeuza kuwa pombe na gesi.

Maganda yakikaa muda mrefu, mvinyo hutoka mzito: rangi imekolea, na una ukakasi unaokausha mdomo kama chai ya rangi iliyochemka mno. Ukakasi huo hutokana na kemikali iitwayo tanini. Mvinyo mwingine huhifadhiwa miezi mingi kwenye mapipa ya mti wa mwaloni ili ulainike. Mvinyo mzito mara nyingi una pombe asilimia 13 hadi 15, takriban mara tatu ya bia ya kawaida.

Kwa hiyo wekundu ule ni rangi ya ganda tu. Madini ya chuma, yanayohitajika kutengeneza damu, yamo kidogo sana. Isitoshe, tanini hupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga za majani. Nayo pombe ikizidi hudhoofisha uboho, sehemu ya ndani ya mifupa inayotengeneza damu.

Kwa mjamzito hatari ni kubwa zaidi. Pombe hupita kwenye kondo la nyuma, ikamfikia mtoto na inaweza kuathiri ubongo wake. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo naye asionjeshwe hata kidogo, kwani pombe inaweza kushusha sukari yake mwilini ghafla.

Damu ikipungua, nenda kituo cha afya chanzo kitafutwe: malaria, minyoo, hedhi nyingi, lishe duni au siko seli. Mjamzito ameze vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi anavyopewa kliniki. Nyumbani, kula nyama, dagaa, maharage na mboga za majani, ukisindikiza kwa chungwa au limao. Chai isubiri saa moja au mbili baada ya mlo.

Je, mvinyo hausaidii moyo? Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na hatari kwa afya. Kama hunywi, usianze kwa ajili ya moyo.

Kama wewe ni mtu mzima mwenye afya na unaupenda, unywe kama starehe, si kama dawa. Kula kwanza, nyama choma hulainisha ule ukakasi. Kwenye joto letu, weka chupa kwenye friji kama dakika 20 kabla ya kumimina. Glasi iwe ndogo, na maji yawe karibu. Usiuguse kabisa ukiwa unatumia metronidazo, na kaa siku mbili baada ya kumaliza dozi. Mwenye kisukari anayetumia dawa, mwenye kifafa au ugonjwa wa ini azungumze na daktari wake kwanza. Ukinywa, usiendeshe gari wala bodaboda.

Chupa iliyobaki ifungwe na kuwekwa mbali na mikono ya watoto.