Tanga Hadi Mombasa kwa Siku Moja

Wako watu wengi katika mji wetu wa Tanga ambao wamefika Dar es Salaam mara ishirini, lakini Mombasa hawajapata kuitia machoni. Na kwa hakika Mombasa ndiyo jirani wa karibu. Kutoka Tanga hadi Dar es Salaam ni kilometa zipatazo 350. Kutoka Tanga hadi mpakani Horohoro ni 65 tu, zote za lami, na kutoka hapo hadi kivuko cha Likoni ni kama 100 hivi. Mtu aondokaye alfajiri aweza kufika, akatembea, akala, akarudi kulala kwake. Njia si kizuizi. Kizuizi ni mazoea ya kudhani kwamba mbele ya mpaka ndiko dunia inakoishia.

Nilifunga safari hii pamoja na mzee mmoja, mwanachama wa siku nyingi, aliyefanya kazi ya ukuli bandarini Tanga tangu ujana wake hadi alipostaafu. Alikuwa na haja mbili. Ya kwanza ni kumwona dada yake aliyeolewa Likoni. Ya pili ni kuitazama tena bandari ya Kilindini, ambako alipelekwa miezi michache akiwa kijana kujifunza kazi ya winchi. Wakati ule makuli wa Tanga na wa Mombasa walikuwa chini ya shirika moja la bandari la Afrika Mashariki, lenye makao yake makuu Dar es Salaam. “Mwanangu,” aliniambia tulipokuwa tukiingia katika basi, “sisi hatukwenda Kenya. Tulikwenda kazini.”

Tulipita mashamba ya mkonge, tukaingia wilaya ya Mkinga, tukapita Duga, na kabla jua halijapanda tulikuwa Horohoro. Siku hizi shughuli za nchi mbili zafanyika chini ya paa moja. Tulikuwa na hati za muda za kusafiria, tukagongewa mihuri, na katika muda wa nusu saa tulikuwa upande wa Lunga Lunga. Hapo nikakosea. Badala ya kwenda katika duka la fedha, nilimpa noti zangu kijana aliyekuwa akisimama barabarani, naye akanihesabia upesi upesi. Mzee alizihesabu tena ndani ya matatu, akanionyesha zilizopungua, asiseme neno. Shilingi moja ya Kenya yanunuliwa kwa karibu ishirini za kwetu. Mwaka 1966, zilipoachana na ile shilingi moja ya Afrika Mashariki, zilikuwa sawasawa.

Mpaka huu haukutengenezwa na mtu wa Tanga wala wa Mombasa. Mwaka 1886 Mwingereza na Mjerumani walipatana huko Ulaya, wakachora mstari kuanzia mlango wa mto Umba mpaka Ziwa Viktoria. Wadigo wakabaki huku na huku, na Wasegeju hali kadhalika. Mwanamke aliyekaa mbele yangu katika matatu alikuwa akizungumza Kidigo na jirani yake tangu Lunga Lunga hata Ukunda, na nisingeweza kujua ni nani kati yao aliyekuwa na kitambulisho cha nchi gani. Mmoja alikuwa na magunia ya machungwa juu ya gari, ya kutoka Muheza, akiyapeleka soko la Kongowea. Nilipomwuliza, kumbe ni yeye aliyekuwa Mtanzania.

Mama huyu alinifundisha jambo ambalo naona halina budi kuandikwa hapa, kwa kuwa wengi wa wasomaji wetu wana wake na dada wafanyao biashara kama yake. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mfanyabiashara mdogo, mwenye mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, aweza kupewa hati rahisi ya kuonyesha kwamba mali yake imezalishwa ndani ya Jumuiya, na mali hiyo haitozwi ushuru wa forodha. Hati hupatikana papo hapo mpakani. Yeye alifanya biashara miaka minne bila kuijua. Katika miaka hiyo minne alikuwa akimlipa mtu wa bodaboda kumvushia machungwa kwa njia za vichakani, na mara mbili alipoteza mzigo mzima. “Nilijiona mwizi wa machungwa yangu mwenyewe,” alisema. Sasa anapita mlangoni. Lakini bei, alisema, bado hupangwa na matajiri wanaokuja na malori yao hadi shambani Muheza, wakanunua matunda yangali mtini. Mkulima asiyejua machungwa yanauzwaje Kongowea hana la kujibu. Nikafikiri kwamba nauli ya kwenda na kurudi ya mjumbe mmoja wa chama cha ushirika, mara moja kwa msimu, ingelipa faida kuliko mikutano mingi.

Tulipita Ramisi, ambako kiwanda cha sukari cha zamani kilifungwa mwaka 1988 na sasa kampuni nyingine imerudisha miwa mashambani. Kisha Msambweni, kisha minazi na hoteli za Diani zilizojificha nyuma ya ukuta. Saa nne kasorobo tulikuwa Likoni.

Kivuko cha Likoni hakisimuliki kwa mtu asiyekiona. Mombasa ni kisiwa, na upande wa kusini hauna daraja la kupita magari. Kila mfanyakazi akaaye Likoni na kufanya kazi kisiwani hana budi kuvuka maji asubuhi na jioni. Yasemekana kwa siku moja huvuka watu zaidi ya laki tatu. Mwenda kwa miguu halipi kitu. Gari ndilo hulipa. Milango ilipofunguliwa tulichukuliwa kama maji yachukuavyo kifuu. Vijana wenye baiskeli, wafanyakazi wa hoteli, wanafunzi, akina mama wenye ndoo za samaki, wote bega kwa bega. Mzee akanishika mkono, ingawa mimi ndiye niliyekusudia kumshika yeye.

Maji haya yana huzuni yake. Tarehe 29 Aprili 1994, katika kivuko cha pili cha Mtongwe, feri ilipinduka karibu na ufuko, wakafa watu 272, wengi wao wakiwa wafanyakazi waendao kazini asubuhi. Sisi tuna Bukoba ya 1996 na Nyerere ya 2018, na hatuhitaji kufafanuliwa. Katikati ya maji nilitazama kuwaona wenye maboya ya kujiokolea. Yalikuwa yametundikwa juu, na abiria mmoja hakuyainulia macho.

Dada yake mzee alikuwa amekwisha vuka, akitungoja upande wa kisiwani, chini ya mibuyu ya ufuko wa Mama Ngina. Ni mama wa makamo ya sabini na kitu, amejifunga leso mbili. Hawakukumbatiana wala kulia. Walishikana mikono tu, wakaulizana hali za watu kwa majina, mmoja baada ya mmoja, kwa muda mrefu sana, nami nikasogea pembeni.

Baadaye mzee alinieleza. Februari 1977, Jumuiya ya kwanza ilipokuwa ikivunjika, mpaka ulifungwa, na haukufunguliwa hata Novemba 1983. Mama yao alifariki Tanga mwaka 1979. Huyu dada yuko Likoni, mwendo wa saa chache, na habari ya msiba ilimfikia baada ya arobaini, kwa kinywa cha mabaharia wa jahazi. Hakumzika mama yake. “Wakubwa walikuwa wakigombana juu ya ndege na mabehewa,” alisema mzee, “nasi tukagawana msiba.” Hapana shaka Serikali yetu ilikuwa na sababu zake wakati ule, na historia imekwisha kuandika makosa ya kila upande. Lakini katika maandishi hayo yote sijaona mahali palipoandikwa juu ya leso mbili za yule mama.

Kutoka ufukoni hapo meli zaonekana zikipita karibu mno, mtu adhani aweza kuzigusa. Ni mkondo wa kuingilia Kilindini, na jina lenyewe laeleza sababu: kilindi kipo, meli kubwa yaweza kufunga gatini. Gati za maji marefu zilijengwa hapo tangu miaka ya 1920. Mwaka 2024 bandari ya Mombasa ilishughulikia shehena ya zaidi ya tani milioni 40. Sisi Tanga tulikuwa wa kwanza kwa reli: Mjerumani alianza yake mwaka 1893, na Mwingereza akaanza ya Mombasa mwaka 1896. Lakini maji ya gati zetu yalikuwa mafupi, hata meli zikatia nanga mbali na mizigo ikaletwa kwa matishari. Tena vita ya 1914 ilipofika, Waingereza walitandika reli ya kijeshi kutoka Voi kupita Taveta hadi Kahe, na tangu hapo mizigo mingi ya Kilimanjaro ikajua njia ya Mombasa.

Mzee alitazama meli moja ya makontena ikiingia. Akahesabu watu walioonekana juu yake, akafika saba. “Meli hii,” alisema, “zamani ingelikuwa na makuli mia mbili, zamu tatu.” Nilimkumbusha kwamba Tanga nasi tumechimba: gati la mita 450 na kina cha mita 13, pale palipokuwa na mita tatu tu. Meli sasa zafunga gatini. Je, hafurahi? Akajibu kwamba anafurahi, tena sana, kwa kuwa tishari limeua rafiki zake wawili. “Ila waulizeni watoto wangu wanafanya nini. Gati limekuwa kubwa, mlango wa kuajiriwa umekuwa mdogo.”

Neno hili si la mzee peke yake. Mombasa wamelijua kabla yetu. Makuli wa mji huu waligoma mwaka 1939, mwaka uleule wenzao wa Tanga na Dar es Salaam nao waligoma. Januari 1947 mji mzima ulisimama, watu wapatao 15,000 wakiacha kazi, na Chege Kibachia aliyewaongoza akahamishwa na serikali ya kikoloni. Mwaka 1955 waligoma tena, Tom Mboya akawatetea, na nyongeza ikapatikana. Adui wa siku zile alionekana kwa macho. Katika siku zetu, mwaka 2019, ilitoka amri kwamba mizigo ya bara isafirishwe kwa reli mpya, ile iliyofunguliwa mwaka 2017, ikatolewe Nairobi. Madereva wa malori, mafundi wa gereji, mama ntilie wa kando ya barabara na makarani wa forodha wakajikuta hawana kazi, wakaandamana mitaani. Amri hiyo iliondolewa mwaka 2022. Nawaomba ndugu zetu wa vyama vya wafanyakazi Tanga waisome vizuri habari hii, maana reli njema na bandari njema zaweza kumnyang’anya mtu chakula ikiwa hakuulizwa mapema.

Tulipanda tuktuk, ambayo kwetu ni bajaji, tukapita chini ya zile pembe kubwa za barabara ya Moi. Kila mgeni hupigwa picha hapo. Zilisimamishwa kwanza mwaka 1952 kwa heshima ya ziara ya Elizabeth wa Uingereza. Sikupigwa.

Katika Mji wa Kale tulipotea. Nilimwuliza mzee aliyekuwa barazani, akaniambia, “Shika ndia hino,” na mjukuu wake akaniita, “Ndoo, nikuoneshe!” Kwetu ndoo ni ya maji. Mwaka 1928 wataalamu walikutana katika mji huuhuu wa Mombasa kuchagua Kiswahili cha kusanifiwa, wakachagua cha Unguja. Watu wa Mvita mpaka leo hulitaja jambo hilo kana kwamba lilikuwa juzi.

Fort Jesus nilikuwa nimeisoma katika vitabu: Wareno waliijenga tangu 1593 hadi 1596, na Waomani wakaitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Nisilolijua ni kwamba Mwingereza aliifanya gereza, tangu 1895 hadi 1958. Jengo lililoogopwa na wakubwa wa dunia likageuzwa la kuwafungia wanyonge. Leo ni makumbusho. Siku ile watoto wa shule walikuwa wakikimbizana juu ya kuta, mwalimu wao akiwaita chini ya kivuli bila mafanikio.

Tulikula mahamri kwa mbaazi kwa yule dada, maana tulivuka tena Likoni saa tisa. Nyumba yake ni ya vyumba viwili, na ukutani kuna picha ya mama yao, ileile iliyo nyumbani kwa mzee Tanga, imekatwa pembeni ili ienee katika fremu. Saa kumi na nusu tuliondoka. Gari liliharibika gurudumu karibu na Msambweni, tukakaa kando ya barabara kwa saa nzima, na tulipofika Horohoro giza lilikwisha ingia. Afisa aliyegonga mihuri aliuliza mzee amebeba nini katika kifurushi chake.

“Mahamri,” alijibu mzee. “Na leso moja ya mke wangu.”

Akapita. Ndani ya basi alinihesabia miezi iliyobaki hadi arusi ya mjukuu wake, akasema dada yake ameahidi kuja.