KINGA YA KUAZIMA: KINGAMWILI, KIMA NA VIRUSI VYA UKIMWI

Wahenga walinena kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Makala haya yanaeleza jaribio ambalo limeupima ukweli wa methali hiyo ndani ya mwili: je, kinga iliyotoka kwa mwingine yaweza kumlinda mnyama dhidi ya virusi vinavyoangamiza kinga yenyewe?

Yafaa kwanza tutofautishe dhana mbili. Chanjo huufundisha mwili kujitengenezea kinga. Kinga ya kuazima ni kutiwa mwilini kingamwili zilizokwisha kutengenezwa kwingineko. Kingamwili ni protini za damu zinazomnata adui kabla hajapenya katika seli. Wazo hili ni kongwe. Mwaka 1890, mjini Berlin, Emil von Behring na Kitasato Shibasaburo walionyesha kuwa seramu ya mnyama mwenye kinga humlinda mwenziwe dhidi ya pepopunda.

Kwa upande wa VVU, palikuwa na kizingiti. Virusi vya binadamu havistawi katika kima wa Asia aina ya resusi, ambao hutumiwa sana maabarani. Wataalamu basi waliunda virusi chotara, vyenye kiini cha virusi vya kima na ganda la virusi vya binadamu. Maadamu ganda ndilo linalonatwa na kingamwili, kingamwili za binadamu ziliweza kupimwa katika kima.

Utaratibu ni huu: kundi moja la kima hudungwa kingamwili, jingine halidungwi, kisha wote huwekewa virusi na damu yao kupimwa kwa majuma mengi. Mwaka 2000, watafiti wa Marekani waliripoti kuwa mchanganyiko wa kingamwili uliwakinga kima jike wengi waliowekewa virusi ukeni, na hali kadhalika vitoto waliowekewa mdomoni. Mwaka 2016, utafiti mwingine ulionyesha kuwa dozi moja yaweza kumlinda kima anayewekewa virusi kila juma kwa hadi majuma 23, ilhali wasiodungwa waliambukizwa baada ya majuma 3 hivi. Kingamwili zilipopungua damuni, ulinzi nao ulitoweka.

Je, binadamu? Kuanzia mwaka 2016, kingamwili iitwayo VRC01 ilijaribiwa kwa maelfu ya watu, wakiwemo wanawake wa Kenya na Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kuwa, kwa jumla, haikuzuia maambukizi. Hata hivyo, dhidi ya virusi vilivyoathiriwa nayo kwa urahisi, ilipunguza maambukizi kwa takriban asilimia 75. Sababu yaeleweka: kima huwekewa virusi vya aina moja vinavyojulikana, ilhali virusi vinavyosambaa miongoni mwa watu vina sura nyingi mno. Ndiyo maana watafiti wamegeukia kuchanganya kingamwili kadhaa.

Hapa pana funzo kwetu sisi wanafunzi wa lugha. Mfasiri atakayeandika kwamba mwaka 2021 "chanjo ya UKIMWI ilishindwa" atakuwa amempotosha msomaji, kwani hapakuwa na chanjo katika jaribio hilo. Kilichopimwa ni vazi la kuazima. Nalo lilisitiri, ila kwa muda tu, na dhidi ya adui liliyemfahamu.