Uanagenzi wa Kupima Ardhi Usidharauliwe

Kila matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne yanapotangazwa, kilio huwa ni kile kile. Mwanafunzi aliyekosa alama za kumwingiza chuo kikuu hujiona amefungiwa milango yote, na mzazi wake huinamisha kichwa kana kwamba amefiwa. Mimi niliyefundisha Hisabati na Jiografia kwa miaka mingi naona kwamba kilio hicho hakina msingi. Iko njia nyingine, kongwe kuliko vyuo vyenyewe, nayo ni uanagenzi. Na katika nchi ambamo ndugu wa tumbo moja hushikiana mapanga kwa sababu ya mpaka wa shamba, sioni kazi inayohitaji wanagenzi kuliko upimaji wa ardhi na uchoraji wa ramani.

Hebu tutazame hali ilivyo. Mashamba mengi yetu ya mashambani yamesajiliwa kwa mipaka ya jumla. Ramani iliyoko katika ofisi ya usajili huonyesha kwa kukadiria tu mahali mpaka unapopita. Mpaka wenyewe ni ua uliopandwa na wazee. Ua huo ukikauka, au ukihamishwa usiku, ugomvi umezaliwa. Mijini nako hali si nafuu. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 huuzwa kwa jina la thumuni ya ekari. Mwanafunzi yeyote na apige hesabu: ekari ni futi mraba 43,560, kwa hiyo thumuni yake ni 5,445, ilhali kiwanja hicho kina 5,000 tu. Wanunuzi wangapi huijua tofauti hiyo kabla ya kutoa fedha zao?

Wapo wanaodai kwamba simu ya mkononi imeimaliza kazi ya mpima ardhi, kwa kuwa nayo hupokea ishara za setilaiti. La hasha! Simu ya kawaida, hata chini ya anga iliyo wazi, huweza kukosea kwa mita kadhaa. Kiwanja chenye upana wa futi 50 kina mita 15 hivi. Kosa la mita 5 ni thuluthi yake. Vyombo vya wapima ardhi, vinavyolinganisha ishara hizo na zile za kituo ambacho mahali pake panajulikana barabara, hufikia usahihi wa sentimita. Lakini chombo hakijui jiwe lipi ndilo la mpaka na lipi limebingirishwa na trekta. Hilo hujulikana na mtu aliyefundishwa.

Na mafunzo hayo hayapatikani darasani pekee. Wahenga walinena kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali. Mwanagenzi huanza kwa kufyeka njia ya kuonea, kushika fimbo ya vipimo wima na kutafuta mawe ya mipaka yaliyofunikwa na nyasi. Kisha hujifunza kusimamisha chombo juu ya miguu yake mitatu, kukisawazisha, na kuandika vipimo bila kufuta. Jioni huketi mezani kuvikagua. Pembe za ndani za shamba lenye kona nne lazima zijumlike kuwa digrii 360. Lenye kona tano, 540. Ikiwa jumla inatofautiana na hiyo kupita kiasi kinachoruhusiwa, kesho yake wanarudi shambani. Nimemwona kijana aliyeichukia kanuni ya Pythagoras darasani akiielewa kwa dakika chache alipoonyeshwa jinsi kamba ya mita 3, 4 na 5 inavyotoa pembe mraba. Baada ya hayo ndipo huja kompyuta, picha za setilaiti na ramani za kisasa.

Hata hivyo, liko jambo linalonikera. Vijana wengi waitwao wanagenzi ni wapagazi tu. Hubeba fimbo na vigingi mwaka wa kwanza, wakabeba mwaka wa pili, wala hawaruhusiwi hata kuchungulia katika chombo. Sheria ya Mafunzo ya Viwandani, Sura ya 237, humtambua mwanagenzi kwa mkataba ulioandikwa, na marekebisho ya mwaka 2011 yaliunda Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani kusimamia mafunzo ya namna hiyo. Asiye na mkataba ni kibarua, hata akiitwa kwa jina gani. Kwa hiyo, kijana, kabla hujakubali, uliza: nitafundishwa nini, kwa muda gani, na nani atathibitisha kwamba nimejua? Kuuliza si ujinga.

Tusidanganyane pia kuhusu mwisho wa njia hii. Chini ya Sheria ya Upimaji, Sura ya 299, leseni ya kupima mipaka ya ardhi hutolewa kwa waliotimiza masharti na kufaulu mitihani. Mwanagenzi huwa msaidizi stadi kwanza. Akitaka kupanda ngazi, ataendelea na masomo, kwa mfano katika Taasisi ya Upimaji na Ramani ya Kenya iliyoko Ruaraka, Nairobi. Atakayekuahidi leseni bila mtihani ni laghai. Lakini aliyekwisha kushinda juani akitafuta mawe ya mipaka huingia chuoni akiwa na maswali, na mwenye maswali hujifunza upesi.

Walimu wenzangu, tuwatoe wanafunzi nje, wavulana kwa wasichana, wapime uwanja wa shule kwa kamba na kuuchora kwa kipimo. Nanyi wapima ardhi wenye leseni, mnaolalamika kila uchao kwamba makanjanja wamewaharibia kazi, kila mmoja wenu na amchukue mwanagenzi mmoja kwa mkataba na kumfundisha kweli kweli. Kanjanja hustawi pale ambapo fundi wa haki hapatikani.