Nyumba za Kale za Nairobi Zifaazo Kutembelewa

Watu wengi wa Kimilili, Bungoma na Kitale wafikapo Nairobi kwa shughuli za ofisi, kesi ya shamba au kumtazama mgonjwa, humaliza kazi yao na kurudi mara moja kwenye kituo cha mabasi. Si vibaya, lakini aliyekwisha kulipa nauli ya safari ndefu kama hiyo yafaa atenge saa mbili kutembea katikati ya mji. Ziko nyumba za kale ambazo humfundisha mtu habari za nchi yake akiwa ameketi na kikombe mkononi.

Tuanze na hoteli ya Stanley, iliyo penye pembe ya Kenyatta Avenue na Kimathi Street. Ilianzishwa mwaka 1902 na mama wa Kizungu, Mayence Bent, katika barabara ambayo sasa yaitwa Tom Mboya. Nyumba ya kwanza iliungua mwaka 1905, na mwaka 1913 hoteli ikahamia mahali ilipo leo. Mwaka 1959 ulifunguliwa hapo mgahawa wa Thorn Tree, chini ya mgunga. Wasafiri walikuwa wakibandika barua kwenye shina lake, ili rafiki zao watakaopita baadaye wazisome.

Hoteli ya Norfolk ilifunguliwa siku ya Krismasi, mwaka 1904. Baraza yake ni mahali pazuri pa kunywea chai, lakini msomaji akumbuke tarehe 16 Machi 1922. Siku hiyo watu walikusanyika kwenye kituo cha polisi kilichokuwa karibu, wakidai Harry Thuku afunguliwe. Askari walipiga risasi, na yasimuliwa kwamba baadhi ya Wazungu waliokuwa barazani walipiga pia. Walikufa watu zaidi ya 20, miongoni mwao Mary Muthoni Nyanjiru. Leo barabara ipitayo mbele ya hoteli yaitwa Harry Thuku.

Kwa miaka mingi Mwafrika hakuweza kuketi katika nyumba hizo kama mgeni. Aliingia kwa mlango wa nyuma, amevaa kanzu nyeupe ya utumishi, akiwachukulia wengine sinia. Ndiyo sababu United Kenya Club, iliyoanzishwa mwaka 1946 ili watu wa rangi zote wale meza moja, ilikuwa ajabu wakati ule.

Apendaye maduka aende Biashara Street, ambayo zamani iliitwa Bazaar Street. Mwaka 1902 soko la kwanza la Wahindi lilichomwa moto kwa amri ya serikali kwa ajili ya ugonjwa wa tauni, na wenye maduka wakaanza tena. Hapo hupatikana kanga, vikoi na mablanketi, na bei huzungumzwa.

Jambo la mwisho lawahusu wakulima wa kahawa wa miteremko ya Mlima Elgon. Serikali ya kikoloni ilianza kuwaruhusu Waafrika wachache kulima kahawa katika miaka ya 1930, na ruhusa ilienea baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Hata leo sehemu kubwa ya kahawa yetu huuzwa ng'ambo, na wengi waichumao hawajui ladha yake.

Basi, ndugu mkulima, usimwogope bawabu wa hoteli. Vaa nguo safi, soma bei kabla ya kuagiza, kisha uagize kikombe kimoja cha kahawa ya Kenya. Unapokunywa, fanya hesabu hii. Kilo 6 au 7 za matunda mabivu hutoa kilo moja ya kahawa safi, na kilo hiyo ikikaangwa hutosha vikombe vipatavyo 80. Zidisha bei ya kikombe chako kwa 80, halafu ukumbuke ulicholipwa kiwandani kwa matunda hayo. Hesabu hiyo uilete nyumbani, ukaisome katika mkutano wa chama chenu cha ushirika.