Mkeka wa Besiboli na Hesabu Zake

Ligi za Ulaya zikishafungwa mwezi Mei, na Ligi Kuu yetu nayo ikiwa ukingoni, orodha ya mechi kwenye simu za wanaobeti hupungua sana. Hapo ndipo besiboli ya Marekani inapojaza nafasi. Timu 30 za ligi kuu ya huko, MLB, hucheza mechi 162 kila moja, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba, na siku nyingi kunakuwa na mechi 15. Nyingi huanza saa moja jioni kwa saa za New York, ambayo kwetu ni saa nane usiku. Kijana wa Ikinga, wilayani Ileje, au dereva aliyekwama kwenye foleni ya malori Tunduma akisubiri kuvuka kwenda Nakonde, anasuka mkeka saa tatu usiku, analala, anaamka na majibu. Mchezo wenyewe pengine hajawahi kuuona. Anachotaka ni timu za uhakika, na katika besiboli hizo hazipo. Sababu zake zinaelezeka kwa hesabu za sekondari.

Mashabiki wa Nyanda za Juu Kusini wanaikumbuka Novemba 2022, Ihefu ya Mbarali ilipoifunga Yanga 2-1 na kukata mfululizo wake wa mechi 49 za ligi bila kupoteza. Nchi nzima ilizungumza. Katika besiboli matokeo ya aina hiyo ni ya kila usiku. Chicago White Sox ya mwaka 2024 ilipoteza mechi 121, idadi kubwa kuliko zote kwa msimu mmoja tangu 1901, na bado ilishinda 41. Timu iliyopata ushindi mara 100 katika msimu husifiwa kila kona, lakini 100 kati ya 162 ni asilimia 62 tu. Kwa hiyo hata timu kama hiyo huondoka uwanjani imefungwa zaidi ya mara moja katika kila mechi tatu. Sare nazo hazipo. Wakilingana, wanaendelea mpaka mshindi apatikane.

Mpira hurushwa kutoka umbali wa mita 18.44, mara nyingi kwa kasi inayokaribia kilomita 150 kwa saa, na mpigaji ana muda usiofika nusu sekunde kuamua. Mpigaji hodari anayepata pigo salama mara 3 kati ya 10 analipwa mamilioni ya dola. Mpira uliopigwa vizuri unaweza kuangukia mikononi mwa mdakaji, na uliopigwa vibaya ukadondoka pasipo mtu. Ubora wa timu hujitokeza katika mechi 162, lakini usiku mmoja ni mfupi mno kuuonyesha.

Hata hivyo wapo watu wanaokadiria vizuri kuliko wengine, na wote huanza kwa kuuliza nani anarusha leo. Mrushaji anayeanza mechi hupumzika siku nne au tano kabla ya kurusha tena, kwa hiyo kila timu huwa na warushaji kama watano wa kupokezana. Maana yake ni kwamba timu unayoiona leo na ile utakayoiona kesho, kwa jina lilelile na jezi ileile, ni timu mbili tofauti. Anayebeti kwa jina la timu, kama tulivyozoea kwenye soka, amekiacha kitu kikubwa kuliko vyote. Na jina la mrushaji linaweza kubadilika saa chache kabla ya mechi. Kampuni nyingine hufuta beti na kurudisha dau ikiwa mrushaji aliyetangazwa hakuanza, nyingine huiacha iendelee. Kanuni hiyo huandikwa kwa herufi ndogo, na ni muhimu kuisoma kabla ya kulipa.

Mrushaji huyo naye huchoka. Mara nyingi hutoka katika zamu ya tano au ya sita kati ya zamu tisa, na kazi huachiwa warushaji wa akiba. Kama akiba walitumika sana siku mbili zilizopita, timu inayoongoza kwa mikimbio miwili, yaani pointi za mchezo huu, iko mashakani. Mambo mengine yana uzito mdogo kuliko vijiwe vinavyodhani. Mwenyeji hushinda kama mechi 53 au 54 kati ya 100, basi. Uwanja wa Denver, ulio karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, una hewa nyepesi inayoufanya mpira uende mbali, kiasi kwamba tangu 2002 mipira huhifadhiwa humo katika chumba chenye unyevu. Hilo hugusa idadi ya mikimbio, lakini timu zote mbili hucheza katika hewa hiyohiyo.

Kipimo ninachokipenda ni cha Mmarekani Bill James. Chukua mikimbio ambayo timu imefunga, izidishe kwa yenyewe. Fanya hivyo pia kwa mikimbio ambayo timu imefungwa. Gawa ya kwanza kwa jumla ya zote mbili. Timu iliyofunga 800 na kufungwa 700 inapata 640,000 gawanya kwa 1,130,000, yaani karibu asilimia 57, au ushindi 92 katika msimu. Ikiwa timu hiyo kwa kweli imeshinda mechi 100, ina bahati ya mechi za tofauti ya mkimbio mmoja, na bahati hiyo haina mazoea ya kudumu. Msimamo wa ligi unaweza kukudanganya, mikimbio haidanganyi sana.

Tatizo ni kwamba kampuni ya kubeti imeshayafanya hayo yote kabla yako, kwa kompyuta na wataalamu wa kulipwa. Odi ndiyo bei, na bei ina faida ya muuzaji ndani yake. Tuseme timu moja imepewa 1.75 na nyingine 2.05. Gawa 100 kwa kila odi: unapata 57.1 na 48.8. Jumla ni karibu 106, wakati nafasi halisi haziwezi kuzidi 100. Ziada hiyo ndiyo inayolipa pango na mishahara. Kwa wastani, katika kila shilingi 100 unazoweka, kati ya 5 na 6 zimeshaondoka kabla mpira haujarushwa, na kodi ya ushindi bado.

Mkeka huzidisha hasara hiyo, na hapa ndipo ninapoumia nikiona vijana wanaweka pesa ya mbolea. Chukua mechi 10, kila moja ukiwa na nafasi ya asilimia 60, ambayo katika besiboli ni kubwa. Nafasi ya zote kutiki ni takribani 6 katika 1,000. Kwa odi ya 1.60 kila mechi, dau la shilingi 1,000 linaahidi kama 110,000, na namba hiyo inavutia macho. Lakini mkeka wenye nafasi hiyo thamani yake halisi ni shilingi 665. Mtu amelipa 1,000 kununua kitu cha 665, na kila mechi anayoongeza inaishusha zaidi.

Juni 2024 MLB ilimfungia maisha mchezaji Tucupita Marcano kwa kubeti besiboli. Uchunguzi ulimkuta na beti 231 za ligi hiyo, zenye thamani ya zaidi ya dola 87,000, nyingi zikiwa za kutabiri mshindi au idadi ya mikimbio. Baadhi zilihusu timu aliyokuwamo alipobeti, Pittsburgh Pirates. Ligi ilitangaza kwamba alishinda asilimia 4.3 tu ya beti hizo, na mikeka yake yote yenye Pirates ilichanika. Huyu alikuwa mwajiriwa wa timu, anawajua warushaji kwa majina na kwa majeraha. Sisi wa huku tunasoma orodha kwenye skrini ya simu.

Sheria yetu ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003 inasimamiwa na bodi yake maalumu, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kubeti. Aliyetimiza umri na akaamua kubeti, aweke mechi moja moja, na awe na daftari: tarehe, warushaji wawili, odi, dau, matokeo. Kwa odi ya 1.90 anahitaji kushinda zaidi ya asilimia 52.6, yaani mechi 106 kati ya 200, ndipo aanze kuona faida. Asiharakishe kujisifu akizifikia. Wakichukuliwa watu watano wanaochagua kwa kurusha sarafu, kila mmoja mechi 200, kwa kawaida mmoja wao atafika 106 au kupita, na kijiweni ni huyo mmoja anayesimulia, wale wanne wamenyamaza.